Kitako cha Pili cha Gorogoro

Kambi Muru, Kibera
Jumapili, kabla ya jua kutua

Mwanangu Nafula,

Sanduku lako limefungwa tangu adhuhuri. Mambo ya sweta, ya sabuni na ya kutoazima nguo za watu, mama yako mdogo Nasimiyu amekwisha kukuambia, nawe umemjibu "sawa" mara nyingi kuliko ulivyomsikiliza. Sasa umekwenda Riruta kumuaga, nami nimepata saa mbili za kukaa peke yangu na karatasi. Ninaandika kwa sababu ninapozungumza nawe huishia kukusahihisha. Wewe ukisema "kibaba hii", mimi husema "kibaba hiki", na jambo tulilokuwa tukilizungumza hufa papo hapo.

Kesho unakwenda kujifunza ukaguzi wa mizani na vipimo. Ukihitimu utapewa muhuri, na ruhusa ya kuingia katika duka lolote na kusema, "Leteni vipimo vyenu nje." Siku barua ya kukuita ilipofika, ulidhani nimetoka ili usinione nikilia. Nilitoka ili usinione nikicheka. Nilicheka nimeegemea ukuta wa choo mpaka jirani yetu Mama Atieno akaniuliza kama ninaumwa. Furaha ile haikuwa kwa ajili yako, mwanangu. Nilikuwa nikimwona Makokha wa Kawangware, kule kituo cha 46, yule muuza nafaka tunayesali naye, akiutoa mkebe wake mchana mbele ya watu.

Barua hii ni habari ya mkebe huo. Ni habari pia ya mama yako, ambaye umemwita mwizi tangu una miaka saba, kwa kuwa mimi nilimwita hivyo.

Wewe husema, "Baba, siku hizi ni kilo, nani bado anaongea mambo ya kibaba?" Basi nivumilie leo. Usipokijua kibaba hutaelewa nilichoiba.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa Mwalimu Yohana, mtu wa Rabai, aliyeletwa kufundisha kwetu magharibi tulipokuwa hatujui hata kusalimiana kwa lugha hii. Alikuwa mkali. Siku moja aliweka mezani vyombo vitatu vya mti, kidogo, cha kati na kikubwa, akanyanyua kile kidogo.

"Kibaba ni nini?"

"Ni kopo, Mwalimu," mmoja akajibu.

"Kopo ni la kunywea uji. Kaa chini. Wewe?"

"Ni robo ya pishi, Mwalimu."

"Na pishi ni nini?"

"Ni vibaba vinne."

"Basi hujasema kitu. Kaa chini nawe."

Kisha akasema kwamba kibaba ni siku moja ya mtu mmoja. Alitueleza habari za wapagazi wa zamani waliobeba mizigo kutoka pwani hadi bara. Jioni walipanga mstari, kila mmoja na kipande cha nguo, na kila mmoja akamiminiwa kibaba kimoja cha nafaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa posho yake hadi jioni ya pili. Hakuna mfalme aliyekaa akaamuru kibaba kiwe na ukubwa fulani, alisema. Tumbo la mtu mzima ndilo lililokipima, na seremala akafuata. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi ni chakula cha siku moja cha nyumba ya watu wanne. Majirani zake Waislamu hutoa pishi ya nafaka kwa kila mtu aliyemo nyumbani Ramadhani inapokwisha, kwa hiyo watoto wa kule huijua pishi kabla ya kuijua alifu.

Alitufundisha pia kwamba kuna kibaba cha tele, chenye kilele juu, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kijiti. Alitutuma sokoni tukaangalie ni nani anayenunua kwa tele na kuuza kwa mfuto. Tulirudi na majina saba. Alitukataza kuyasoma kwa sauti, kwa sababu la tatu lilikuwa la mzee wa kanisa.

Wakufunzi wako watakuambia kwamba vibaba havikuwa sawa kila mji, na kwamba ndiyo sababu serikali ikavikataa. Watakuwa wamesema kweli. Wasikilize. Ila ujue kwamba kila mji ulikuwa ukijaribu kupima kitu kilekile.

Baadaye nami nilifundisha, bila cheti. Nilipoacha, walipokuja vijana wenye vyeti, Mwalimu Yohana alinipa kile kibaba chake cha mti. Nilikuja Nairobi nacho, nikajifunza ufundi wa bati hapa Kambi Muru, na kazi yangu ya kwanza kwa ajili yangu mwenyewe ilikuwa kutengeneza kibaba cha bati kilichofanana nacho. Ndicho hicho ulichokuwa ukichezea mchanga.

Pishi sikuikuta hapa. Niliikuta gorogoro. Mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ukishakwisha, wanawake huuosha kwa majivu na kuupimia mahindi na maharagwe. Wengine husema jina lake ni mlio wa mahindi yakianguka juu ya bati. Mama Atieno husema ni neno la kwao na hataki ubishi. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba juma langu la kwanza hapa nilijaza gorogoro kwa kibaba changu, nikapata vibaba vinne vya mfuto bila kupungua wala kuzidi kwa kiasi cha kusumbua. Nilikaa nikautazama mkebe ule kama mtu aliyekutana na ndugu yake mjini. Pishi ilikuwa imetufuata hadi Nairobi, imevaa bati.

Sasa nisikilize vizuri.

Ulikuwa na miaka sita na kitu Makokha alipokuja pale ninapofanyia kazi. Alikuwa kijana wakati huo, mtu wa kwetu, tunasali kanisa moja, na duka lake la nafaka ndilo kwanza limefunguliwa. Alikuwa na gorogoro mpya mkononi.

"Fundi, niwekee kitako kingine hapa."

"Kimetoboka wapi?"

"Hakijatoboka."

"Basi nikitoe hiki?"

"Usitoe. Weka kingine juu yake, kwa ndani. Iachane na ya chini kama vidole viwili hivi."

Nilimtazama. Akacheka.

"Wewe ni fundi wa bati au ni fundi wa maswali?"

Sikuuliza tena. Ningekuambia kwamba sikuelewa, lakini nimeapa kutokuandikia uongo katika barua hii. Nilielewa kabla hajamaliza. Nilijiambia kwamba watakaopimiwa ni watu wa Kawangware, nisiowajua, na mimi ninakaa Kibera. Nilikata bati, nikalipitisha, nikalehemu pembeni pote, na kazi ilikuwa nzuri, Nafula. Nilisugua ndani kwa majivu na mafuta mpaka kitako kipya kikazeeka. Ukitazama kwa juu, hasa kukiwa na punje chache chini, huoni kitu. Alipokwenda kunywa chai niliujaribu mkebe. Viliingia vibaba vitatu, hata kilele kikiwekwa. Katika kila pishi nilikuwa nimetoa siku moja ya mtu mmoja, na mikono yangu ilijua hesabu hiyo kuliko mikono ya fundi yeyote wa mji huu.

Kisha nikafanya jambo la mazoea. Chini ya ukingo, upande wa kulia, nikapiga nukta zangu tatu kwa msumari, zile ninazopiga katika kila kazi inayotoka kwangu. Mkono ulizipiga wenyewe.

Miezi ilipita. Nilianza kuona kwamba mahindi yetu yanakwisha mapema. Mama yako alikuwa akinunua gorogoro tano kila Jumamosi. Hizo ni vibaba ishirini. Nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu wanaokula, kwa kuwa mdogo wako alikuwa bado ananyonya, na wewe ulikuwa ukila kama mtu mzima. Vibaba vitatu kwa siku, siku sita, Jumapili hadi Ijumaa, vinabaki viwili vya Jumamosi au vya mgeni. Lakini Ijumaa sufuria ilikuwa tupu. Mtu mwingine angemwuliza mke wake. Mimi sikuuliza. Nilitazama. Nikaona kwamba kila Jumamosi anapita Riruta kwa dada yake Nasimiyu kabla ya kurudi na kikapu, na Nasimiyu alikuwa na watoto sita na mume asiye na kazi. Nikafanya hesabu yangu nikiwa nimekaa kimya juu ya kigoda, nikaridhika nayo.

Jumamosi moja, alipoingia tu na kikapu, nilitandika gunia katikati ya ua wa ploti, nikachukua kibaba. Wapangaji wote walikuwa nje, ilikuwa siku ya kufua. Nikakuita wewe uhesabu, kwa sababu nilikuwa nikijivunia hesabu zako.

Ulihesabu kwa sauti. Ulifika kumi na tano.

"Imeisha, Baba."

"Yamekwisha," nikakusahihisha. Hata pale.

Mama yako alikuwa bado amesimama na kitambaa cha kubebea kikapu kichwani. "Nimenunua gorogoro tano," akasema. "Zote zilikuwa na kilele."

"Gorogoro tano ni vibaba ishirini."

"Mimi sijui vibaba vyako. Nimenunua tano."

"Fundi, wachana na hiyo maneno," Mama Atieno akasema kutoka kwenye beseni lake. "Ni mahindi tu."

"Dada yake huko Riruta ako na wengi wa kulisha," mpangaji wa chumba cha pembeni akasema, na watu wawili watatu wakacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuchekesha.

"Vitano vimebaki Riruta?" nikamwuliza mama yako.

Alinitazama kama mtu anayetafuta kujua kama ninatania. "Riruta nilikunywa chai. Mahindi yenyewe sinunui tena hapa Kibera. Ninanunua kwa Makokha, kule 46, kwa sababu ni mtu wetu na anajaza mpaka yanamwagika. Nenda umwulize."

Nafula, nilijua papo hapo. Sikuhitaji kumwuliza Makokha. Kibaba kilikuwa bado mkononi mwangu, na niliona vitano vile vilivyokosa kana kwamba vimepangwa mbele yangu: kimoja kwa kila gorogoro, vidole viwili, lehemu yangu. Nilikuwa na muda. Watu husema kwamba mambo kama haya hutokea haraka, kwamba ulimi huteleza. Wangu haukuteleza. Nilikuwa na muda wa kutosha kuwatazama watu wote wa ua ule, mmoja mmoja, na kufikiri kwamba nikisema "mkebe ule niliutengeneza mimi", wote watajua Fundi Wekesa, aliyekuwa mwalimu, anayesahihisha maneno ya watu kisimani, ni mtu wa namna gani.

Nikasema, "Makokha ni mtu wa kanisa. Usimpake matope ili wewe utakate. Mwizi ni wewe."

Mama yako hakulia. Alichuchumaa, akaokota punje zote zilizokuwa zimerukia nje ya gunia, moja moja, akazirudisha kikapuni ili asiwepo mtu wa kumdai hata punje. Asubuhi alimfunga mdogo wako mgongoni akakunyooshea mkono. Wewe ulishika mguu wangu ukasema hutaki kwenda na mwizi. Neno hilo ulikuwa na siku moja tu tangu ulipate. Alisikia. Akageuka akaenda kupanda basi la kwao.

Mama yako mdogo Nasimiyu, niliyemfanya mpokeaji wa wizi mbele ya ua mzima, ndiye aliyekuja kila Jumatatu kukusuka nywele na kukuogesha. Uliwahi kumwuliza kwa nini hali chochote kwetu, akasema ameshiba. Amekuwa ameshiba tangu siku ile, Nafula. Hajaonja hata chai ya nyumba hii. Aliniambia mara moja tu, mlangoni: "Shemeji, mimi sitamwambia mtoto. Utamwambia mwenyewe, na mimi nitakuwa nakuangalia." Ninaandika leo ukiwa nyumbani kwake, nami ninajua kwamba kabla hujaondoka atakutazama usoni kuona kama nimekwisha kusema.

Mwaka haukuwa umetimia Makokha alipoleta mkebe ule tena. Lehemu ilikuwa imeachia upande mmoja.

"Fundi, kitako chako kinavujisha mtama. Kirudishie."

"Mke wangu alikuwa akinunua kwako?"

"Mama Nafula? Kila Jumamosi. Mteja mzuri sana. Nilikuwa namwekea kilele hadi naona huruma mwenyewe."

"Ulijua kwamba ni mke wangu."

"Ndiyo, si nilijua. Nikafikiri hata wewe unajua." Akaugeuza mkebe mkononi, akaweka kidole chini ya ukingo, juu ya nukta zangu. "Halafu uliandika jina lako hapa, Fundi. Ukitaka kwenda kunisema, twende pamoja. Hata nyundo nitakubebea."

Alicheka bila uovu, na hilo ndilo lililonikaa kifuani. Alicheka kama anayetaniana na mwenzake wa kazi.

Nililehemu. Ninataka ulisome hilo vizuri: nililehemu, vizuri kuliko mara ya kwanza, nikampa mkebe wake. Tangu siku hiyo nimemchukia Makokha kwa namna ambayo sijawahi kukipenda kitu chochote.

Ninakaa nyuma yake kanisani. Unajua, huwa unaniuliza kwa nini tusikae mbele. Kila Jumapili ninamwombea afya njema na maisha marefu, kwa jina lake kamili, kwa moyo wangu wote. Ninamwombea asiibiwe, asiungue, asihamie mji mwingine, asitubu. Mke wake alipofariki nilikwenda mazishini nikasimama karibu na kaburi, na watu waliuona uchungu wangu wakausifu. Nilikuwa nikimtazama yeye jinsi alivyokonda, nikiogopa kwamba atakufa kabla ya wakati.

Na kila mwezi nimekwenda Kawangware kununua gorogoro moja kwake. Hatukuwa na haja ya kwenda mbali hivyo. Nilikuwa nikichungulia chini ya ukingo anapomimina, nione nukta tatu, kisha nikifika nyumbani nipime. Vitatu. Kila mwezi vitatu. Ukiwa umelala nilifurahi kama mtu anayesikia kwamba mgonjwa wake anaendelea vizuri. Mahindi hayo ulikula wewe. Umelelewa kwa hayo.

Nawe nimekulea kwa ajili ya siku moja. Unakumbuka jinsi nilivyokufundisha kusawazisha kibaba kwa kijiti kabla hujajua kusoma saa? Unakumbuka ulipotaka kuwa mwuguzi, nikaja na lile tangazo la kazi ya vipimo, nikalibandika ukutani juu ya kitanda chako, nikakuambia kwamba wauguzi ni wengi? Nilikunoa, Nafula. Sikuwahi kukuuliza kama unataka kuwa kisu.

Mwaka juzi, mwaka ule wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada, nilikwenda kwa Makokha nikakuta foleni imefika hadi barabarani. Wanawake walikuwa wametoka mbali kwa miguu. Mmoja mbele yangu alikuwa na mtoto wa miaka kama saba, aliyekuwa akihesabu kwa sauti kila gorogoro iliyokuwa ikimiminwa, kwa kucheza tu. Alifika arobaini kabla ya zamu yao. Siku moja ya watu arobaini, imebaki kwenye gunia la Makokha. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye mkebe wenye alama yangu. Ningenyoosha mkono, ningeuchukua, ningeupindua, ningebomoa kitako kwa kidole gumba, maana ninajua mahali pa kubonyeza.

Sikusema. Nilisema moyoni: bado, Nafula hajamaliza shule. Nilitaka kisasi changu kiwe kizima, chenye muhuri, na wewe ndani yake. Mama wa yule mtoto alipokea gorogoro mbili, akamwambia Makokha, "Mungu akubariki, umenijazia." Nami nilisogea mbele, nikanunua yangu, nikarudi nyumbani kupima.

Yule mtoto hutoka kichwani nikilala akarudi nikiamka. Nimekuwa nikidhani kwamba ninamngojea Makokha. Kumbe watu wa Kawangware ndio waliokuwa wakilipia kungoja kwangu, kibaba kimoja kimoja. Haikupunguza chuki yangu hata kidogo, na nisikudanganye kwamba ilipungua. Ilinionyesha tu kwamba waliostahili kuchukiwa ni wawili.

Kuna jambo jingine dogo, nalo linaniaibisha kuliko hayo makubwa. Mama yako alikutumia njugu kila Desemba, katika mkebe wa maziwa, kwa mkono wa watu wa basi. Ulipokuwa na miaka kumi na minne ulizimimina ndani ya kibaba, ukasema, "Baba, hizi zimetimia, ama ameiba zingine njiani?" Nilicheka nawe. Tulicheka mpaka Mama Atieno akachungulia. Halafu wewe ulizila, na mimi nilikwenda nje nikauosha mkebe ule, nikauweka juu ya kabati. Tangu mwaka ule nimeiweka mikebe yake yote huko, saba, ile unayoniuliza kwa nini fundi wa bati haiuzi.

Sasa nakuomba. Nasema nakuomba, kwa sababu miaka yote hii nilikuwa nikikutuma bila kukuambia. Unaweza kukataa. Unaweza kuisoma barua hii ndani ya basi, ukairarua, ukawa mkaguzi wa mji mwingine na usije Kawangware maisha yako yote. Lakini nikijifanya kwamba sitaki ukubali, nitakuwa nimerudi kwenye uongo. Ninataka. Ninataka kuliko ninavyotaka uzima.

Kwanza, likizo yako ya kwanza usije hapa. Nenda kwa mama yako. Barua nyingine imo ndani ya bahasha hii, ni ya kwake, haijafungwa ili uisome. Ni fupi. Inasema kwamba vibaba vitano vilikuwa vimekosa, kwamba nilijua vilikokwenda, na kwamba nilijua wakati ule ule, akiwa amesimama mbele yangu. Sijamwomba msamaha humo. Anaweza kunichukia kama mimi ninavyomchukia Makokha, na ninajua jinsi chuki ya namna hiyo inavyomshikilia mtu akaendelea kuishi. Kama anaihitaji, iwe yake. Lile neno ulilomwita siku ile, utalirudisha wewe mwenyewe. Hilo siwezi kukufanyia.

Pili, utakapokuwa na muhuri, njoo Kawangware 46. Utakuwa umefundishwa kwamba gorogoro si kipimo halali hata kidogo, na kwamba unaweza kuichukua tu na kuandika faini. Usifanye hivyo, nakusihi. Faini ataitoa mfukoni akiendelea kuzungumza. Njoo Jumamosi mchana, dukani kukiwa na watu. Tandika gunia nje. Katika sanduku lako, chini ya ile sweta ya kijani, nimeweka kibaba cha mti cha Mwalimu Yohana. Jaza gorogoro ya Makokha mbele ya wateja wake, kisha uimimine ndani ya kibaba, kimoja, viwili, vitatu. Nyamaza pale itakapokwisha. Waache watu wangoje cha nne.

Mlete mama yako. Asimame mbele ya gunia, kama nilivyosimama mimi siku ile na kibaba mkononi, awe ndiye anayehesabu. Waite Mama Atieno na wapangaji wote wa zamani wanaoweza kutembea, na yule wa chumba cha pembeni, ambaye siku hizi ni mzee na haoni vizuri. Mweleze kinachotokea kwa sauti.

Utakapoubomoa mkebe, bonyeza kitako upande uliolehemiwa mara mbili, kitatoka chote. Makokha atakuambia polepole, kwa upole, kwa kuwa si mtu wa kelele: "Binti yangu, kabla hujaenda mbali, angalia hapa chini ya ukingo." Atakuwa amengoja kusema hivyo kwa miaka mingi kama mimi nilivyongoja. Ndiyo ngao yake. Anajua kwamba mtoto hatamwumbua baba yake mbele ya watu, na kwa kujua hivyo amelala usingizi mzuri.

Mwondolee ngao hiyo. Mimi sitakuwa nimejificha Kibera. Utanikuta pale dukani, nimesimama begani kwa Makokha, upande uleule wa gunia, kwa sababu huo ndio upande wangu. Usinitazame kwa huruma, utapoteza hesabu. Nukta ni tatu, zimepigwa kwa msumari, upande wa kulia. Zionyeshe kwa kidole, uulize ni za nani, na uningoje nijibu.

Ninasikia mlango wa ua. Ni wewe, umerudi, na unamwambia Mama Atieno kwamba mama yako mdogo amekushika uso kwa mikono miwili akakutazama kwa muda mrefu na hakusema kitu.

Baba yako,
Wekesa, fundi wa mkebe ule